Hao wengine rudi nao

Wiki sita zilizopita, kabla hakujapambazuka vizuri, kijana wetu wa machungani aligonga dirisha langu.

"Dada, njoo uone. Mtamba wa Kijivu yuko kwenye joto."

Nikatoka na tochi. Mtamba, binti wa jike letu Kijivu ambaye bado hajazaa, alikuwa amesimama katikati ya zizi, mkia umepinda pembeni, ute unaning'inia na kung'aa kama uzi wa kioo mpaka kwenye samadi. Mwenzake akampanda mgongoni, naye akatulia wala hakusogea. Hapo hakuna ubishi tena: yuko tayari kupandwa. Nyuma yao, shingo imenyooka, mdomo wa juu umekunjwa na pua iko hewani, alikuwa dume letu la Borani, ananusa.

Baba yake.

Tulimfunga dume kwenye mkwaju kwa kamba mbili. Baba alitoka ndani akiwa bado na shuka begani, akauliza tunamfungia nini. Nikamweleza kwamba yule ni binti yake wa kumzaa, wa kwanza kupevuka, na wengine wako nyuma yake. Nikasema dume itabidi aondoke.

Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Miaka sita unanihubiria tusiuze dume bora. Leo aliye bora kuliko wote ndiye unataka aondoke?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali lake nalala nalo na kuamka nalo.

Mnadani, 2018

Ili nimjibu Baba, lazima nirudi kwenye mnada wa Juni 2018. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kongwa baada ya miaka ya kutunza vitabu vya hesabu vya watu wengine mjini Dodoma. Siku hiyo tulipeleka madume saba. Mnunuzi, mtu wa kupeleka ng'ombe Pugu, alizunguka mara moja tu. Akagonga nyonga kwa fimbo yake, akatazama migongo, akawatenga watatu. Hakupapasa, hakupima. Jicho lake lilitosha.

"Mzee wangu, hawa watatu nachukua," alimwambia Baba. "Hao wengine rudi nao, wakapande."

Alisema kwa wema kabisa. Alikuwa anatupa ushauri wa kuokoa hasara: kama hawauziki, angalau wafanye kazi.

Tukarudi nao. Wakapanda.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu pesa na kufurahi. Usiku ndipo sentensi ile ilipoanza kuniuma. Nilijiuliza: mwaka jana tuliuza nani? Mwaka juzi je? Kila ada ya shule, kila harusi, kila mgonjwa wa kupeleka hospitali, tulimtoa anayelipa haraka, yaani dume mnene, mrefu, aliyekua upesi. Aliyebaki zizini ni yule ambaye jicho la mnunuzi lilimruka. Na sisi hatukuwa na desturi ya kuhasi mapema, kwa hiyo yule aliyerukwa ndiye aliyekuwa baba wa ndama wote wa mwaka uliofuata.

Miaka thelathini tumefanya hivyo, tena kwa bidii.

Hakuna aliyetuibia. Hakuna ugonjwa uliotushusha. Sisi wenyewe tulikuwa tunachagua kizazi kijacho, na tulikuwa tunachagua kinyume.

Nusu, robo, moja ya nane

Wafugaji wengi tunapenda kusifia majike. Mtu atakuonyesha ng'ombe mama na kukusimulia ukoo wake mpaka kwa bibi. Dume hana hadithi, ni dume tu.

Lakini fanya hesabu. Ndama anayezaliwa leo, nusu ya damu yake imetoka kwa dume aliyepanda. Mama yake, kama alizaliwa zizini kwako, nusu yake ilitoka kwa dume wa kabla, na hiyo kwa ndama ni robo. Bibi yake vivyo hivyo, na hiyo ni moja ya nane. Jumlisha: asilimia 87.5. Madume watatu waliofuatana ndio karibu ng'ombe wako wote. Jike hukupa ndama mmoja kwa mwaka akikujalia, lakini dume mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30 kwa msimu.

Nilipomwonyesha Baba hesabu hii kwenye karatasi aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata nilisikia anamweleza jirani.

Chaki na Kijivu

Nikanunua daftari la kurasa 200, hereni za masikioni, na tepu ya kukadiria uzito, ile inayozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Kila jike akapata ukurasa wake. Miaka ya nyuma nilijaza kwa kumuuliza Baba na Mama, na Mama ndiye aliyekumbuka zaidi, kwa sababu ndiye aliyekuwa anakamua.

Mwaka ule wa 2018 tulikuwa na majike 41 wa umri wa kuzaa. Waliozaa ni 22. Ndama waliofika kuachishwa kunyonya ni 18.

Nilirudia kuhesabu mara tatu. Majike 41 wanakula, wananyweshwa, wanaogeshwa josho, wanachanjwa, na kinachotoka ni ndama 18.

Chaki alikuwa ndiye fahari ya zizi. Mweupe mwote, damu ya upande wa Singida, nundu imesimama, pembe zimetulia. Wageni walipigwa picha naye. Ukurasa wake ulikuwa na mistari mitatu: ndama watatu kwa miaka tisa. Mwaka anaopumzika ananenepa, na kwa kuwa amenenepa tunamsifu.

Kijivu alikuwa jike mdogo wa zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, wa hapa hapa Ugogoni, rangi ya jivu lililopoa, mbavu zinahesabika kuanzia Agosti. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza jina lake. Ukurasa wake ulijaa mpaka chini: ndama saba kwa miaka nane, na saba wote walikua. Kukonda kwake kote kulikuwa ni maziwa aliyowapa ndama wake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jicho la mnunuzi, pamoja na ukali wake, linaona nyama tu. Haliwezi kuona ndama saba kwenye mbavu zilizokonda. Mfugaji akichagua kwa jicho la mnadani atakosea upande wa majike kama alivyokosea upande wa madume. Kwenye madume tulimfukuza aliyetufaa, kwenye majike tulimtunza asiyetufaa.

Mwaka uliofuata niliorodhesha majike 11 ambao walikuwa wameruka miaka miwili mfululizo bila mimba. Chaki alikuwa wa tatu kwenye orodha. Baba hakwenda mnadani siku ile. Alisema anaumwa mgongo.

Mbegu ya mbali

Hapa nataka nisimulie vizuri, maana ndipo nilipotaka kukimbia kabla ya kutembea.

Mwaka 2019 nilishawishika na uhimilishaji, yaani jike kutiwa mbegu na mtaalamu bila dume kuwepo. Katika picha nilizoonyeshwa kulikuwa na madume ya Ulaya yenye mapaja kama magunia ya mahindi. Nilichagua Simmental. Mtaalamu alikuja kwa pikipiki na mtungi wa naitrojeni, mbegu zimehifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Niliajabia jambo hilo kwa dhati: Kongwa, jua la saa nane, na ndani ya mtungi ule kuna baridi kuliko mahali popote pa asili duniani.

Tulihimilisha majike wanane. Walioshika mimba ni wawili.

Tatizo halikuwa mbegu. Joto la zebu ni fupi, mara nyingi halizidi saa kumi na kitu, na huanza usiku watu wamelala. Kanuni ni kwamba ukimwona asubuhi, umhimilishe jioni. Sisi tulikuwa tunamwona asubuhi, tunapiga simu, simu haipatikani, mtaalamu yuko kijiji cha tatu, anafika kesho yake. Sasa najua kwamba uhimilishaji unafanya kazi vizuri mahali penye mtu wa kukesha na barabara ya kupitika. Mwaka ule sikuwa na vyote viwili.

Ndama mmoja kati ya hao wawili alizaliwa dume, mwekundu mwenye uso mweupe. Alikuwa mzuri sana. Mpaka Mei alikuwa amewaacha wenzake mbali kwenye tepu. Kisha tukamwachisha kunyonya, majani yakakauka, ikafika Septemba. Ninamkumbuka saa nne asubuhi, wenzake wako bondeni wanang'ata mabua, yeye amesimama chini ya mbuyu, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Manyoya yake yalikuwa marefu na mazito, yamejaa kupe masikioni na chini ya mkia. Saa sita zote za jua kali hakula. Wenzake walikula. Kwa siku mia moja na zaidi za kiangazi, hesabu hiyo inajifunga yenyewe.

Alikufa Novemba, mvua zikiwa zimekaribia.

Kongwa tunajua habari za vitu vizuri vilivyoletwa bila kuuliza mahali. Bibi zetu waliona matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanzia 1947, na mwaka 1951 waliona yameachwa. Udongo ulikuwa unakauka kama saruji na mvua hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye mpango. Nami nilikuwa nimerudia jambo lile lile kwa ndama mmoja.

Borani

Baada ya hapo nikaacha kuuliza "ng'ombe gani ni mkubwa?" nikaanza kuuliza "ng'ombe gani amekulia kwenye shida kama yetu?"

Jibu lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Borani asili yake ni nyanda za Waborana, kusini mwa Ethiopia, penye ukame na mwendo mrefu wa kwenda majini. Wafugaji wa Kenya walimchagua kwa ajili ya nyama kwa miongo mingi na kuanzisha chama chao mwaka 1951. Hapa kwetu amefugwa miaka mingi kwenye Ranchi ya Kongwa. Manyoya mafupi, ngozi iliyolegea, anatembea, anapunguza mwili kiangazi na kuurudisha haraka mvua ikinyesha. Na majirani zetu wa Mpwapwa wana ng'ombe wao aliyetengenezwa kwenye kituo cha utafiti pale pale, kwa kuchanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Asia, zebu wetu, Borani, na kidogo Ayrshire, kwa ajili ya ukame huu huu wa Dodoma.

Mwanzoni mwa 2021 tukanunua dume wa Borani wa miaka mitatu. Aligharimu bei ya maksai wanne. Kabla ya kulipa nilifanya mambo ambayo zamani nisingeyafanya. Nilimwomba bwana mifugo achukue damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba. Nikamwomba apime mzunguko wa korodani kwa tepu, jambo lililowachekesha vijana wa pale, lakini dume kijana mwenye korodani kubwa mara nyingi huzaa mabinti wanaopevuka mapema. Na nikauliza juu ya mama yake: amezaa mara ngapi, na kila baada ya muda gani?

Muuzaji alikuwa na jibu lililoandikwa. Hilo ndilo lililonifanya nilipe.

Tulimwachia majike kuanzia Februari hadi Aprili tu, wakati majani yapo na majike wana mwili, ili ndama wazaliwe kuanzia Novemba, mvua zikikaribia. Madume wengine wote wakahasiwa kwa koleo. Bila koleo lile, dume wa bei ya maksai wanne angekuwa anashindana usiku na dume aliyerudishwa kutoka mnadani.

Ndama wa kwanza wakazaliwa mwishoni mwa 2021, wakakutana na ukame ule uliowapiga wafugaji vibaya, Simanjiro ndugu zetu wakifagia mizoga. Tulipoteza watatu. Waliobaki walikonda mpaka nikaogopa kuwatazama, lakini walikula. Saa nne asubuhi walikuwa bondeni na wenzao.

Damu au majani?

Mwaka 2023 tulikuwa na majike 32. Walizaa 25, wakafika kuachishwa 23. Majike tisa pungufu, ndama watano zaidi. Na dume wa miaka miwili na miezi miwili leo tepu inamkadiria kilo 235, wakati zamani tulifika hapo kwa miaka minne. Nataja kilo kwa makusudi, kwa sababu bei imepanda kwa kila mtu tangu 2018 na ningeweza kujidanganya nayo.

Sasa, je, ni damu?

Swali hili limenisumbua kuliko yote, na ninalitaja kwa sababu kila anayeuza dume atakuambia ni damu tu. Uzito wa ng'ombe unarithiwa kwa kiasi cha kuonekana. Kama theluthi ya tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe wa zizi moja hutokana na wazazi wao. Uzazi haurithiwi hivyo. Ni kama moja ya kumi, pengine chini ya hapo. Maana yake, kumuuza Chaki hakukubadilisha damu ya zizi kwa kiasi kikubwa. Kulifanya jambo jingine: kuliondoa mdomo uliokuwa unakula bila kuzaa, na majani yake yakaenda kwa Kijivu na wenzake. Faida hiyo ilikuja mwaka ule ule, kabla Borani hajazaa hata ndama mmoja.

Halafu katika miaka hiyo hiyo nilianza kuweka chumvi, nikaacha kukosa josho, na mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, majani yakafika kiunoni. Nani atanitenganishia hesabu hiyo?

Kitu kimoja kinanipa moyo. Yale yanayorithiwa polepole, kama kushika mimba na ndama kuishi, ndiyo yanayonufaika zaidi ukichanganya damu mbili tofauti. Mabinti wa Borani na zebu wetu wana nguvu ambayo hakuna mzazi wao mmoja aliyekuwa nayo peke yake. Kwa hiyo unachagua dume kwa ajili ya kilo, unachanganya damu kwa ajili ya uzazi, na unaandika daftari kwa ajili ya yote mawili. Nalinganisha ndama waliozaliwa msimu mmoja kwa wao, kamwe si wa mwaka wa ukame na wa mwaka wa mvua. Ndani ya msimu mmoja, majani ni yale yale, chumvi ni ile ile. Tofauti inayobaki ndiyo ninayoiamini.

Jibu la Baba

Na hapo ndipo nilipolipata jibu, baada ya wiki nyingi za kuzunguka.

Dume bora akimpanda binti yake, ndama anapokea kitu kile kile kutoka pande mbili. Kwa wastani, robo ya jozi zake za jeni zinakuwa nakala ya kitu kimoja. Kasoro zilizokuwa zimejificha zinakutana. Mimba hazishiki vizuri, ndama wanakuwa dhaifu, na ile nguvu ya kuchanganya, ambayo ndiyo tuliyoilipia, inaanza kurudi ilikotoka. Ubora wa dume huyu uko ndani ya mabinti zake kumi na tano waliosimama zizini. Ameshabaki. Tuliyemwona akienda 2018 alikwenda bila kuacha kitu. Huyu anaacha.

Nilimweleza Baba hivyo jioni moja, tukiwa tunakunywa chai. Alisema, "Kumbe tatizo la wale watatu halikuwa kuuzwa."

"Halikuwa kuuzwa, Baba. Ni kuuzwa kabla ya kupanda."

Kuuza hata hivyo alikataa. Akapendekeza tubadilishane na jirani yetu wa upande wa Mpwapwa, ninayemwita baba mdogo ingawa hatuna udugu wa damu. Ana dume wa damu ya Mpwapwa, naye mabinti wake wamepevuka, yuko kwenye tatizo lile lile. Bwana mifugo alichukua damu za wote wawili. Majibu yakarudi safi.

Ijumaa iliyopita tuliondoka alfajiri. Baba alimwongoza Borani mwenyewe, kamba mkononi, mwendo wa karibu saa tatu, bila kumpa kijana yeyote. Hakusema chochote njiani. Tulipofika alimfunga, akamkwaruza chini ya nundu kwa kucha, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kisha akamwendea dume mpya. Nilitegemea aanze na mgongo na mapaja, kama alivyofanya maisha yake yote. Alimtazama mara moja tu, akamgeukia baba mdogo.

"Mama yake huyu," aliuliza, "alizaa mara ngapi?"

Baba mdogo alikuna kichwa, akaingia ndani kutafuta daftari.